Mpishi Asiyeonja Samaki

Kwa miaka saba nilipika samaki katika hoteli moja ya Diani bila kumtia hata mmoja kinywani. Nilijua kumpasua samaki aina ya changu kwa mapigo matatu ya kisu, nilijua pweza anataka muda gani motoni asije akawa mpira, na mara mbili tatu wageni waliniita nje ya jiko ili wanipe mkono. Lakini kuonja, sikuonja. Nilikuwa na mwenzangu jikoni, mzaliwa wa Tiwi, aliyenionjea. Nachota mchuzi kwa kijiko, nampelekea, yeye analamba, anafumba macho, ananiambia, "Chumvi bado," au, "Wacha hapo hapo." Mkubwa wetu wa jiko alipogundua alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi.

Sisi ni Wakamba. Wazazi wangu walitoka bara wakapewa ardhi ya makazi nyuma ya vilima vya Kwale kabla sijazaliwa, wakaja na majembe, Biblia, vibuyu vya mbegu na chuki yao kwa samaki. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa akisema kwamba kitu chenye magamba na kisicho na miguu ni nyoka, hata kikiishi majini. Alitulea karibu na bahari kiasi kwamba siku za upepo tuliinusa, na hakuna samaki hata mmoja aliyevuka mlango wetu. Siku nilipompelekea habari kwamba nimepata kazi ya upishi hotelini, hakuniuliza mshahara. Aliniuliza, "Kwa hiyo utakuwa unashika nyoka?" Nikamwambia nitavaa glavu. Sikuvaa glavu hata siku moja.

Baba alipofariki, Mwaitu alibaki shambani peke yake na hakutaka kusikia habari ya kuhama. Juu ya mafiga yake, palipopita moshi, alining'iniza vibuyu vitano vya mbegu: mahindi, mbaazi, ndengu, na kunde za aina mbili, za haraka na za kuchelewa. Mbegu alizichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe. Vibuyu havikuwa na alama yoyote. Alikuwa akishusha kimoja, anakitikisa karibu na sikio, anajua kilichomo. Zile kunde mbili mimi nilishindwa kuzitofautisha hata kwa macho, mchana, zikiwa zimemwagwa kwenye ungo. Yeye alizijua kwa kuzisikia. Majirani walikuja kwake kuomba mbegu kila mwaka, Wakamba kwa Wadigo, naye aliwapa bila kunung'unika, isipokuwa wale waliolima vibaya, ambao aliwapa na maneno juu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, hoteli zilipoanza kupata wageni tena baada ya vurugu za kisiasa zilizoikumba pwani, ndipo Mwaitu alipoanza kusahau. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Alitia chumvi mara mbili kwenye muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa tunayopika na maharagwe. Aliniuliza kama baba amekwisha rudi kutoka kuwafunga mbuzi. Nikajifanya hamnazo. Nilimjibu juu juu, nikaenda zangu kazini, na mpaka leo nikikumbuka miezi hiyo ninajionea haya.

Kisha siku moja ya soko alishuka Kombani kuuza mbaazi. Aliziuza zote, halafu akasimama kando ya barabara asijue nyumbani ni upande gani. Alisimama hapo mpaka vivuli vikarefuka. Aliyemwona ni mama karanga mmoja. Hivyo ndivyo tunavyowaita wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza njiani. Huyu alikuwa Mdigo, mnene, wa umri wa Mwaitu au pungufu kidogo, mwenye sauti iliyosikika ng'ambo ya pili ya barabara. Alimwachia mwenzake karai la mafuta, akamshika Mwaitu mkono, akampeleka mpaka mlangoni kwake, huko nyuma ya Kwale. Mwaitu alimshukuru akiwa amesimama mbali naye, kwa sababu ya harufu.

Kaka yangu mkubwa aliishi katika mji mdogo wa Mackinnon Road, fundi wa magurudumu ya malori. Ni mtu mwema, lakini akiamua jambo ameliamua. Aliposikia habari ya Kombani alikuja wiki ileile kujionea mwenyewe, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Mwaitu alifurahi kutuona wote wawili mezani, akatupikia sufuria nzima ya kunde. Tulikuwa tumefika katikati ya sahani kaka alipoacha kutafuna.

"Mwaitu, hizi kunde umetoa wapi?"

Kulikuwa na majivu kwenye meno yangu pia. Mwaitu alionyesha juu ya mafiga. Kibuyu cha kunde za haraka kilikuwa kitupu. Alikuwa amepika mbegu.

Kwa mtu wa mjini hilo si kitu, atanunua nyingine. Lakini Mwaitu ndiye aliyetulaza na njaa mwaka mmoja wa ukame, mbegu zikining'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuzigusa. Tulilia, hakuzigusa. Kumwona amezipika ilikuwa kama kumwona akichana Biblia yake awashie moto. Alipotambua mwenyewe, aliweka mikono yote miwili kichwani, akaketi chini sakafuni. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Kaka alinitoa nje. "Hii maneno imefika mwisho," akasema. "Anakuja kwangu."

Kwake kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya karakana, malori mchana kutwa, vumbi, na hapakuwa na mahali pa kupanda hata mchicha. Nilijua, naye alijua, kwamba Mwaitu akiondolewa kwenye shamba lile hatarudi tena. Kumbukumbu zake zilizosalia zilikuwa zimeshikana na ile ardhi. Ukimwondoa hapo, atashika nini? Tulibishana mpaka tukatukanana, watu wazima wenye watoto. Mwishowe alikubali jambo moja. Masika ilikuwa mbali miezi kama sita. Mvua zikikaribia atakuja na begi. Mwaitu akiweza kuzitambua mbegu zake zote mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, atabaki. Akikosea hata moja, begi litajazwa nguo zake.

Nilirudi Diani nikiwa na hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Yule mwenzangu wa jikoni ndiye aliyenielekeza zahanati moja upande wa Msambweni, kwa daktari mwanamke aliyesifiwa kwa subira yake na wazee. Nikampeleka Mwaitu. Alimpima presha, akamtoa damu, akamwangalia macho. Akamwuliza leo ni siku gani, ana watoto wangapi, alipika nini jana. Mwaitu alijibu vizuri mpaka swali la tatu, kisha akanitazama mimi. Nikachukua zamu ya kujibu, tena kwa fahari. Nikasema anakula vizuri: muthokoi, chapati, mboga zilizokaangwa sawasawa kwa mafuta ya kopo, yale meupe yanayoganda. Kopo hilo mimi ndiye niliyemnunulia kila mwezi, kubwa kabisa, kama zawadi. Ndiyo heshima niliyojua kumpa mama yangu.

Daktari aliweka kalamu chini. "Na samaki?"

Mwaitu alitema mate. Kwa adabu, kwenye leso yake, lakini alitema.

"Msinifanye mganga," daktari akasema. "Haya mambo wataalamu bado wanayachunguza, na mimi sitawaahidi kitu. Lakini ubongo wa mtu sehemu yake kubwa ni mafuta. Na mtu akizeeka, mara nyingi mle ndani huingia uvimbe mdogo mdogo, hauumi wala hauonekani. Ni mfano wa makaa yaliyofunikwa na majivu. Ukiyatazama, utasema yamezimika. Ukitia mkono, waungua. Wanavyoona wao, mafuta ya kuganda huyachochea yale makaa, na mafuta ya samaki huyapoza. Yaitwa omega." Akaliandika neno hilo nyuma ya kadi ya Mwaitu. "Si dawa, babangu. Ni chakula. Mara tatu kwa wiki, na asikaangwe mpaka akawa ukuni. Na mama asikae peke yake. Mtu asiyesemezana na watu, hata ale papa mzima, sidhani kama itamfaa."

Mwaitu alingoja tufike nyumbani. Alipoketi, alivua viatu, akasema kwa Kikamba, "Yule mtoto amesoma, lakini adabu hana."

Sasa nisikilizeni mimi, mpishi wa hoteli, fundi wa samaki, nilivyofanya. Nilinunua minofu ya changu, myeupe, mizuri, ya kuwekewa wageni. Nilidhani samaki bora ni yule anayeagizwa na wenye pesa. Halafu, ili harufu isimkere Mwaitu, nikaikaanga kwa mafuta yaleyale ya kopo mpaka ikakauka na kubadilika rangi. Yaani daktari aliniambia mambo mawili, nami nikayavunja yote mawili kwenye kikaango kimoja. Haikujalisha, maana Mwaitu hakuigusa. Nilikuja siku yangu ya mapumziko, nikapika, nikaondoka, na paka wetu akaanza kunenepa.

Ndipo nikafanya lile ninaloona haya kulisimulia. Nilinunua dagaa wakavu, nikawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, nikautia unga kwenye chupa. Nikampikia Mwaitu muthokoi wenye vitunguu vingi, nikanyunyiza. Akala, akasifu. Nikamwachia ile chupa nikamwambia ni kiungo kipya cha hotelini, atie kijiko kila akipika. Nikamsifia mapishi yake, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikarudi Diani nikijiona mjanja kweli kweli.

Wiki ya tatu nilimkuta ameketi mlangoni, kiganja amekifungua juu ya goti. Kwenye kiganja kulikuwa na kichwa cha dagaa, kidogo kuliko ukucha, kilichoponyoka mchi. Jicho lilikuwa bado liko mahali pake.

"Hiki ni nini?"

Nikautua mfuko wangu chini.

"Siku ngapi umenilisha?"

Nikamwambia. Nikaanza kueleza habari ya daktari, ya omega, ya masika, ya begi la kaka, maneno yakinitoka ovyo. Aliniacha nimalize.

"Ninajua ninasahau," akasema. "Mnadhani sijui? Ninajua kuliko ninyi. Lakini ninayoyasahau, Mungu ndiye anayeyachukua, na sina la kumwambia. Wewe umechukua ninalolikumbuka. Nilikuwa ninajua ninachokula na nisichokula. Hilo nilikuwa bado ninalo. Mwanangu mwenyewe amekuja akaniibia hilo, kwa chupa, huku anacheka."

Nililia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, nikalia mbele ya mama yangu kwa sababu ya kichwa cha dagaa. Hakunibembeleza. Aliinuka, akaenda kukitupa nyuma ya nyumba, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili.

Njiani kurudi nilishuka Kombani. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka mtu wa kumlaumu, na yule mama karanga alikuwa karibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda kando ya karai lake. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anageuza samaki kwenye mafuta, kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Changu! Mwanangu, changu ni wa kupendezesha sahani. Wenye mafuta ni hawa," akaniinulia kibua, mwembamba, mgongo wa buluu, samaki ambaye hotelini tulimpika kwa ajili ya wafanyakazi tu. "Huyu, na samaki simu, na dagaa. Na hawa wa karai ni wa wateja. Mimi mwaka wa ishirini huu nakaanga, na kwangu nyumbani sili cha karai. Twapika chukuchuku: maji, ndimu, chumvi, nyanya, pilipili mbichi. Basi. Mafuta yake yamtosha mwenyewe." Kisha akanikazia macho. "Na wewe, wala?"

Nikatazama barabara.

"Wala au huli?"

"Sijawahi."

Sauti yake ilipaa. "Enyi! Njooni mumwone mpishi wa hoteli asiyekula samaki!" Wakaja. Wauza maembe, wauza kanga, dereva mmoja aliyekuwa anabadilisha gurudumu, wote wakaja kunitazama. Alipochoka kucheka aliniwekea mkono begani. "Wamdanganya mamako ale kitu ambacho wewe mwenyewe wakiogopa. Wallahi, ningekuwa yeye ningekupiga na mwiko. Jumapili, mkitoka kanisani, nakuja."

Akaja. Alisimama nje ya mlango akapiga hodi tatu, akasema, "Dada yangu, leo nimekuja kukupikia. Ukikataa nitakula mwenyewe hapa hapa kizingitini, na harufu itaingia vilevile."

Mwaitu alitoka akamtazama. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ile. Hilo hakuwa amelisahau. "Karibu," akasema.

Mama karanga alifunua kapu lake mbele ya Mwaitu. Hakuficha kitu. "Huyu ni samaki. Aitwa kibua. Hiki kichwa, hili tumbo, haya mapezi. Huoni? Nyoka hana mapezi." Akamkata, akamwosha, akamkamulia ndimu, akambandika kwenye mafiga ya Mwaitu, ndani ya sufuria ya Mwaitu, baada ya kuomba kila kimoja. Harufu ilipanda ikafika kwenye vibuyu. Mwaitu aliketi kwenye kigoda chake akifuatilia kila hatua, kama mtahini. Sufuria ilipoepuliwa, kikawekwa kisahani katikati ya mkeka.

Mwaitu akanielekezea kidole. "Anza wewe."

Nilidhani atakula au atakataa. Sikudhani atanigeuzia mimi. Mama karanga alijishughulisha na kupanga vyombo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nikanyoosha mkono ambao ulikuwa umeshika maelfu ya samaki, nikamega kipande. Nikapiga moyo konde, nikatia mdomoni. Nikatafuna. Machozi yalinitoka, sijui ni ya pilipili au ya nini, nikatafuna nikameza, nikamega kingine ili asije akasema nimetema. Na hapo katikati ya kipande cha pili, ile ndimu ikanifikia, na chumvi, na unono wa yule samaki ambao nilikuwa nimeupika kwa miaka saba bila kuujua. Alikuwa mtamu. Nilikasirika. Miaka saba!

Mwaitu hakuniondolea macho. Aliponiona nimechukua kipande cha tatu bila kuambiwa, alifumba macho, akaomba, sala ndefu kuliko ya kawaida, akamega kipande kidogo sana akakila. Tulimngoja.

"Si mtamu," akasema. Akachukua kingine.

Kuanzia hapo Mwaitu na mama karanga wakawa watu wa kufuatana. Mara mbili kwa wiki Mwaitu alishuka Kombani kukaa naye kando ya karai, na mara moja mama karanga alipanda kwake, akifika na vibua au simu, akiondoka na ndengu. Waligombana juu ya pilipili, juu ya wakwe, juu ya nani anasali kwa sauti kubwa zaidi. Kopo la mafuta lilipoisha sikununua jingine, na Mwaitu alilalamika wiki moja tu. Jirani aliyekuwa amepewa kunde za haraka miaka ya nyuma alisikia yaliyotokea, akaleta kibaba, na Mwaitu akazipokea, akazitia majivu, akazirudisha juu.

Miezi miwili ya kwanza sikuona lolote. Nilikuwa nikimtazama kila mapumziko kama mtu anayetazama sufuria, nayo haikuchemka. Alirudia maswali, aliweka ufunguo kwenye unga. Nilianza kuvunjika moyo, na kwenye simu ya kibandani nilimdanganya kaka kwamba mambo ni mazuri. Mwezi kama wa nne tangu aanze kula samaki, niliingia ndani akaniambia, "Shati hilo ulikuja nalo na juma lililopita. Huna jingine?" Nilitaka kumbeba nimzungushe. Kisha siku moja nilimkuta analia kando ya kaburi la baba, analing'olea magugu. Aliniambia mwezi aliozikwa, mvua iliyonyesha, wimbo ulioimbwa. Nilikuwa nimeomba Mwaitu akumbuke. Sikuwa nimefikiria atakumbuka nini. Nikakaa naye hapo, tukang'oa magugu pamoja.

Je, ni samaki? Sijui. Huenda ni samaki, huenda ni kuachana na kopo, huenda ni ule mwendo wa kwenda Kombani, au mtu wa kugombana naye. Nilipomrudisha Msambweni, daktari alimwuliza alipika nini jana, na Mwaitu akamjibu, tena akamweleza namna ya kupika. Daktari alicheka. "Sijui ni lipi," akaniambia, "kwa hivyo msiache hata moja."

Kaka alifika mawingu ya masika yakiwa yamekwisha jikusanya juu ya vilima. Alikuwa na begi jeusi, jipya, tupu. Aliliweka karibu na mlango.

"Begi hilo la nini?" Mwaitu akauliza.

"La nguo."

"Za nani?"

Kaka alijikuna shingo. Mwaitu alivuta kigoda akaketi. "Haya. Shusha vibuyu. Na wewe," akaniambia, "simama nyuma yangu, watu wasije wakasema umenionyesha kwa macho." Hakuna aliyemwambia habari ya mtihani ule tangu siku nilipoupayuka, kichwa cha dagaa kikiwa mkononi mwake. Miezi mitano ilikuwa imepita.

Kaka alivichanganya, akampa cha kwanza. Mwaitu akakitikisa sikioni. "Mahindi." Kaka akamwaga kidogo kwenye ungo. Mahindi. Cha pili, "Mbaazi." Cha tatu, "Ndengu," bila hata kutikisa, kwa uzito tu. Kilipofika cha nne alitikisa, akatua, akatikisa tena upande wa sikio la pili. "Za kuchelewa," akasema. "Nipe kile kingine. Naam. Hizi za haraka." Kaka alizimwaga, akaziinamia, akaziokota moja moja. Hakujua kuzitofautisha, sawasawa na mimi, lakini mbegu za haraka alizoleta jirani zilikuwa na majivu mapya, meupe zaidi, na hilo aliliona.

Nilikuwa nimeanza kutabasamu kaka aliposhusha cha sita.

Sikujua kwamba kuna cha sita. Kilikuwa kimefichwa nyuma, karibu na ukuta. Kaka alimpa, Mwaitu akakitikisa. Sauti yake haikuwa ya mbegu yoyote ninayoijua, ilikuwa kavu na nyepesi. Akakitikisa tena.

"Hiki," akasema polepole, "hiki sikutia mbegu."

Kaka alinitazama juu ya kichwa chake, na usoni mwake hamkuwa na ushindi wowote. Alikuwa na huzuni. Aliona Mwaitu amekosea. Mkono wake ulikuwa umekwisha shika mkanda wa begi Mwaitu alipokigeuza kibuyu kwenye ungo.

Wakamwagika dagaa. Wakavu, wa fedha, kibaba kizima, na macho yao yote. Kaka aliruka nyuma, fundi wa malori, begi likamponyoka.

"Panya hawafiki huko juu," Mwaitu akasema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwaitu hakucheka. Aliokota dagaa mmoja, akapuliza majivu, akamnyooshea kaka.

"Mdogo wako alianza mbele yangu. Sasa wewe."

Alimla. Alifumba macho kama tulivyofumba utotoni tukipewa kwinini, akatafuna, akameza, akaomba maji.

Mwaitu alipanda masika ile, na nyingine kadhaa baada yake. Usahaulifu ulirudi miaka ya baadaye, polepole, maana daktari hakuwa ametuahidi kitu. Lakini ulimkuta nyumbani kwake, mama karanga yuko kando yake anabishana naye.

Kesho yake baada ya ule mtihani wa vibuyu, kaka aliondoka asubuhi. Begi alilibeba begani, na halikuwa tupu. Mwaitu alikuwa amelijaza kunde, akamsindikiza mpaka njiani.

"Hizi ni za kupika," alimwambia. "Za mbegu ziko juu."